Mto Uliopanda kwa Simu

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Maji: mita moja na sentimita ishirini. Mto umetulia kama mtoto aliyeshiba. Ambaye hajatulia ni mimi.

Kitindamimba wangu ametangaza mezani, mdomo umejaa mkate, kwamba Ijumaa anafanya mtihani wa unahodha wa boti za mpira. Atakaa nyuma na kasia, atawapitisha watu sita Kooni. Kooni ni pale mto unapobanwa na majabali mawili, maji yanachemka bila moto. Mtahini kutoka mjini atakuwa humohumo ndani ya boti, na karatasi yake. Akifaulu anapata leseni, na kila siku ya Mungu atakuwa anapita hapo na wageni wanaolipa ili waogope. Mimi naogopa bure, nikiwa nyumbani kwangu, nimekaa kwenye kiti.

Nikasema kuna kazi nzuri ya kushona nguo. Akasema ndiyo, ipo. Nikasema kuna kazi ya kuuza duka. Akasema hiyo nayo ipo. Mzee wangu, baba yake, ni fundi viatu, hakuinua hata kichwa kwenye buti la mpanda mlima alilokuwa analitia gundi. Alisema tu nimwache mtoto ale.

Mtoto! Ana miaka ishirini na miwili. Lakini uchungu wake mimi nausikia mpaka leo.

Nimelifikiria jambo hili nikiosha vyombo. Mtahini huja mara moja kwa mwaka. Ijumaa jioni anaondoka, mtihani uwe umefanyika au haukufanyika. Na sheria ya boti ipo, imepigiliwa misumari kwenye mlango wa kocha wao wa boti: maji yakivuka mita mbili pale darajani, hakuna boti inayoingia mtoni.

Na nani anasema maji yamefika wapi pale darajani? Mimi.

Miaka kumi na moja nashuka ngazi arobaini na moja chini ya daraja, asubuhi na jioni, nasoma ule ubao wenye mistari, nampigia simu mtu wa ofisi ya maji. Niliishia darasa la nne, lakini namba nazijua. Hakuna mwingine anayeshuka. Ngazi zina utelezi.

Sijaamua kitu. Nafikiria tu.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Nimeamua.

Asubuhi ubao ulisema 1.20. Nikamwambia Bwana Vipimo 1.60. Huyo ni kijana wa ofisi ya maji anayepokea simu zangu. Sijawahi kumwona, namjua kwa sauti. Akaandika, akanishukuru, akaniuliza magoti yangu yanaendeleaje. Nikapanda ngazi nikijisikia vibaya mpaka ile ya ishirini. Ya ishirini na moja nikapona.

Jioni ubao 1.20. Simu 2.10. Mto wa kweli haupandi kwa mkupuo, na wangu nikaupandisha kwa hatua. Mimi si mjinga.

Nikapita kwa kocha wa boti na kapu langu la vitunguu, kama mtu aliyepotea njia. Bendera nyekundu iko juu! Boti zimefungwa kamba. Kwa barabara ni nusu saa kutoka darajani, lakini mto unalizunguka bonde lote, na maji ya darajani huchukua saa tatu kufika pale. Basi kocha kasimama ukingoni, anautazama mto, anatazama namba aliyoandika ukutani, anautazama mto tena. Mawe yote yako nje, makavu, yana ndege juu. Akasema maji yako njiani. Vijana wake wakakaa kuyasubiri kama mgeni aliyesema yupo hapo kona.

Binti yangu amerudi amenuna. Nimempikia anachokipenda. Amekila, ameendelea kununa. Moyo wangu ni mwepesi kama pamba.

Kitu kimoja tu kimenitibua. Wifi yangu, dada wa mzee, anakodisha mahema na makoti ya baridi kwa wanaopanda mlima. Wageni wote waliokuja kwa ajili ya boti wamekimbilia kwake kukodi. Makoti yametoka yote, hata lile lisilo na zipu. Kanikuta njiani, akaniambia kwa sauti ya asali:

"Wifi, mto ukikataa, mlima unakubali."

Miaka ishirini na saba ananikera. Leo nimemjazia duka kwa ulimi wangu mwenyewe.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Asubuhi nimesema 2.10 tena, nimerudi nyumbani, nimejimiminia chai. Sikuimaliza.

Bwana Vipimo kapiga yeye. Haijawahi kutokea. Kasema kule chini kuna kipimo cha mashine na hakijayaona maji yangu. Mita mbili zimeingia bondeni na hazijatoka. Wakubwa wamekaa kikao. Wanadhani theluji ya kileleni imeanza kuyeyuka kabla ya wakati wake na maji yanapotelea mahali. Lazima watu wapande wakaipime. Akanieleza kwa upole, kama anavyonieleza kila kitu: unachomeka bomba refu kwenye theluji, unalichomoa, unalipima uzito, unajua ni maji kiasi gani yamelala humo. Nikasema vizuri sana, kazi njema. Akasema wamebahatika, wamepata vijana wenye nguvu wanaojua kamba, na wiki hii hawana shughuli.

Kwa nini hawana shughuli? Kwa sababu boti zimefungwa.

Wa kwanza kunyoosha mkono ni wangu. Nilimkuta ukumbini anajaribu buti alizoziba baba yake, kamba begani, anapiga mluzi. Kununa kote kumeisha. Huko juu kuna nyufa za barafu zinazommeza mtu na mzigo wake, hata kofia hairudi. Mimi mlima ule nikiutazama kwa muda nashika ukuta. Nimeruka majivu nimekanyaga moto, tena peku.

Nikapima: mto au mlima? Mto angalau nimeuzoea. Nikaamua kusema ukweli. Wakisikia maji yamerudi 1.20, nani atahangaika kupanda?

Jioni nikapiga simu nikasema 1.20. Kweli tupu, kama ilivyoandikwa ubaoni. Nilijisikia kama nimetoka kuoga.

Bwana Vipimo akaacha kuandika. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza, asubuhi mbili na kumi, jioni moja na ishirini? Nikasema ndiyo baba, umeshuka, tushukuru. Akasema mto haushuki hivyo. Mto ukishuka hivyo ujue kuna kitu kimeuziba huko juu. Theluji imeporomoka ikaziba bonde, nyuma yake linajaa ziwa, na siku likipasuka... Hakumaliza. Alikwenda kuwaamsha wakubwa wake.

Miaka kumi na moja nimesema ukweli kila siku, hakuna aliyeinua hata nyusi. Leo nimeusema mara moja, bonde zima limesimama.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Wameondoka alfajiri, vijana wanne na kiongozi wao. Nilimvalisha soksi jozi tatu, akavua mbili mbele yangu. Nikamwambia asisogelee ukingo. Akasema, Mama, mlima mzima ni ukingo. Mzee aliniuliza nalia nini, watu wanakwenda kupima theluji tu. Nikasema vitunguu. Akatazama mikono yangu. Nilikuwa nimeshika ufagio.

Kambi ya wageni iliyokuwa mtoni imehamishwa, wasije wakasombwa na ziwa langu. Mahema sitini. Yamehamia wapi? Kwenye kiwanja cha wifi. Ameajiri wasaidizi wawili na ananiita wifi yangu kipenzi mbele za watu.

Saa nne kafika Bwana Vipimo mwenyewe. Mwembamba, miwani, viatu vyeupe vya mtu asiyejua ngazi zetu. Akainama akaniamkia. Kisha akawageukia wakubwa wawili aliokuja nao, akawaambia mama huyu hajakosa siku moja, hata siku aliyomzika mama yake alishuka akasoma kwanza. Ni kweli. Nilitamani mto upande kwa haki ukanichukue.

Tukashuka. Ubao 1.20. Akachuchumaa kwenye ngazi ya tatu kutoka chini, ile ambayo mita zangu mbili zingekuwa zimeifunika. Palikuwa na vumbi. Palikuwa na alama za ndala zangu. Na kwenye pembe palikuwa na utando wa buibui, mwenyewe yumo katikati, mkavu, mnene, ametulia kama mwenye hati ya nyumba.

Akaniuliza kama juzi maji yalifika hapo. Nikasema yalifika. Akamtazama buibui. Nami nikamtazama. Nikasema wadudu wa siku hizi wanajenga haraka sana.

Aliandika mstari mmoja kwenye daftari lake akalifunga. Akasema tuwasubiri vijana.

Mchana kutwa nimeutazama mlima. Tangu saa sita wingu limekalia kilele, halishuki wala haliondoki. Nimemwahidi Mungu kwamba akirudi mzima, mimi na namba za uongo basi. Nimeahidi mara nne, kwa sababu sikuwa na hakika kama ile ya kwanza imefika.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Amerudi! Saa tatu asubuhi, pua imebabuka kwa mng'aro wa theluji, midomo imepasuka, anacheka peke yake.

Hakuna kilichoporomoka. Theluji iko palepale, inamfika kifuani, nyingi kuliko ya mwaka jana, haijaanza hata kutoa jasho. Mto unatoka chini yake taratibu kama kawaida. Anasema kutoka juu aliuona wote, mwembamba kama uzi, na paa letu kama punje ya mchele. Anasema aliniona. Nikasema huwezi kuniona kutoka kule. Akasema aliona kitu kinakwenda huku na huku uani bila kupumzika.

Nikamletea beseni la maji ya moto atie miguu. Mzee akatoka kutafuta mafuta ya kumpaka midomo. Tukabaki wawili.

"Mama, hayo maji ya mita mbili yalikuwa wapi?"

Nikasema mtoni.

"Mama."

"Mdomoni mwangu," nikasema.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata pa kujitetea. Alifuta mguu mmoja, akafuta wa pili, akavitazama vidole vyake vyenye malengelenge.

"Umenifunga kamba, Mama."

"Sijakufunga. Nimekushika tu."

"Ni kamba ileile."

Akasema boti zimefunguliwa. Mtahini bado yupo, anaondoka jioni, mtihani ni saa nane. Akiukosa leo ni mpaka mwakani, na kocha hatamwekea nafasi mpaka mwakani, wapo wengine wanaoitaka. Nikamtazama. Kope zinamwanguka kwa kuchoka. Nisingegusa kitu, leo angeingia Kooni amelala usingizi wa kutosha na kula vizuri. Sasa anaingia hoi, na mchovu huyo nimemtengeneza mimi. Nikasema nakwenda kusema yote kwa Bwana Vipimo sasa hivi. Akasema kaseme kesho. Leo njoo uone.

Nimekwenda. Sijawahi kukanyaga Kooni maisha yangu yote. Mzee akanisimamisha kwenye jabali, akanishika mkono. Boti ilipotokea nikafumba macho, nikamwambia anisimulie. Akasema wanakuja. Akasema bado wanakuja. Kisha akanibana mkono, nikafumbua.

Boti ilikuwa imesimama wima kama mlango. Yeye nyuma, kasia limezama, anatoa amri. Neno moja. Watu sita wakatii pamoja, mtahini na karatasi yake wakainama, na boti ikalala chini ikapita katikati ya majabali kama uzi kwenye tundu la sindano. Sauti ile sijawahi kuisikia. Nyumbani huwa ananiuliza chumvi iko wapi.

Nikasogea nimwone vizuri. Jiwe halikuwa jiwe, lilikuwa ukoga.

Nimeingia mtoni. Maji yamenifika kifuani. Mzee anasema magotini. Lakini kati yetu msoma kipimo ni nani? Nikapiga ukelele uliowarusha ndege wote wa bonde. Kabla sijamaliza, kamba ikatoka kwenye boti ikanifikia mkononi sawasawa, kama binti yangu amenipa kijiko mezani. Akanivuta mpaka kwenye mchanga. Mtahini akageuza karatasi, akaweka alama. Kumbe kuna kipengele cha kumrushia kamba anayezama, na siku zote hutumia dumu tupu. Alisema hajawahi kupata dumu linalojituma hivi.

Amefaulu.

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Nimemkuta Bwana Vipimo darajani anapakia vifaa vyake. Nimemwambia yote, kuanzia mkate mpaka buibui. Ameniacha nimalize, amenipa kitambaa. Kisha akafungua daftari akanisomea ule mstari wa Alhamisi: msomaji anahitaji miwani.

Nikasema macho yangu ni mazima, hata sindano natunga mwenyewe. Akasema Mama, unahitaji miwani. Alilirudia taratibu mpaka nikaelewa kwamba ama nahitaji miwani, ama nahitaji kazi nyingine.

Nikasema kweli, siku hizi naona ukungu.

Halafu akaniambia jambo moja, bila kunitazama. Kwamba siku moja theluji ile itashuka kweli. Mahema sitini yatakuwa mtoni, watu wamelala, na yeye kule ofisini hatakuwa na kitu kingine chochote isipokuwa sauti yangu. Aliniuliza siku hiyo afanye nini.

Nililia barabarani, mchana, watu wanapita. Wifi akapita pia. Akaniuliza kuna msiba? Nikasema hapana. Akauliza basi mto utapanda lini tena, aagize makoti mapema.

Ijumaa, tarehe 15 Mei

Miwani imefika. Ni mateso. Zamani mto ulikuwa kelele na povu. Sasa naona kila jiwe na ncha yake.

Jumatatu wamefunga mashine darajani. Kumbe ilikuwa stoo kwao miaka miwili ikisubiri sahihi. Inasoma maji yenyewe kila saa, inatuma namba yenyewe, haiulizi mtu magoti yake. Ubao wameung'oa. Mimi wameniachia kazi ya kuisafisha, na Bwana Vipimo amenisomea maelekezo yote kwa simu, kwa uvumilivu wake uleule. Juu ina bapa jeusi kama sinia, ndilo linalokula jua. Nilifute vumbi kila asubuhi. Nisiweke kitu juu yake hata kwa bahati mbaya, maana likikosa jua tangu asubuhi, ikifika saa nne mashine inalala na haitumi chochote.

Na kwa kocha kuna sheria mpya mlangoni, misumari bado inang'aa: mashine isiposema, boti haziendi.

Kesho binti yangu anawapitisha Kooni wageni wake wa kwanza. Amepiga leseni pasi ndani ya kitambaa, ameitia kwenye fremu ya kioo, ameitundika ukutani. Nimeifuta kioo mara mbili. Najivunia mpaka nasimamisha watu njiani. Lakini redio imesema kesho jua kali, na theluji ya kileleni itaanza kushuka.

Bwana Vipimo aliniuliza siku ile afanye nini. Nimepata jibu. Mto ukipanda kweli, nitauona mimi kwa miwani hii na nitampigia simu. Hilo limekwisha. Na ahadi yangu kwa Mungu ilikuwa juu ya namba za uongo, naye ni shahidi, sitataja namba yoyote. Sitasema neno. Mashine nayo haitasema neno. Sasa uongo uko wapi hapo?

Jioni nimekwenda kwa wifi kumwomba kipande cha hema bovu, kizito, kisichopitisha mwanga. Kiasi cha kufunika sinia. Nilikuwa nimeandaa maelezo njia nzima, kuhusu kuku na mvua.

Hakuuliza cha nini. Aliuliza siku ngapi.

Nikasema kesho tu.

Akanitazama. Akautazama mlima. Akaenda ndani akarudi na mkasi, akakata kipande cha msimu mzima.